Waya wa Shemeji

Jina lake la kuzaliwa lilikuwa kwenye kitambulisho, na huko ndiko lilikobaki. Kazini, mtaani, hata kwa mwenye bucha, aliitwa Sikio, na alikuwa amelizoea kiasi kwamba ukimwita kwa lile jingine hageuki. Alilipata studio, mwaka ule aliposimamisha kazi ya watu wazima wenye haraka zao akisema ndani ya rekodi kuna nzi. Walimcheka. Wakairudisha rekodi nyuma, wakaongeza sauti mpaka vioo vikatetemeka, na nzi akasikika kweli, anapita nyuma ya msomaji wa tangazo la sabuni kama mtu anayewahi kazini. Tangu hapo hakuna rekodi iliyotoka kwenye jengo lile kabla Sikio hajaitikia kwa kichwa. Wateja walifika mahali hawaulizi tena kazi itakuwa tayari lini. Walichouliza ni kama Sikio ameshaisikiliza.

Kazi yenyewe haikuwa ya makeke. Studio ilikuwa vyumba vichache juu ya duka la magodoro, na mengi waliyorekodi yalikuwa sauti ya mtu mmoja akisoma: matangazo, masomo ya redioni, salamu za rambirambi za makampuni. Sikio aliketi mbele ya mitambo na hedifoni zake kubwa nyeusi, macho kayafumba, na akiinua kidole msomaji alijua amemeza neno. Hedifoni hizo alikuwa nazo tangu ujana, alishazibadilisha sponji na waya, na hakuna mwingine pale aliyeruhusiwa kuzivaa.

Anayelishwa na kiungo kimoja hukitunza. Sikio hakukaa karibu na spika kwenye sherehe za watu, hata sherehe ikiwa ya ndugu. Simu aliipokea kwa kushoto siku zote, akisema mkono wa kulia ni wa kuandikia. Siku za karibuni alikuwa mtu wa malalamiko kidogo: maiki za sasa hazina uhai, watu wa sasa wanaongelea ndani ya meno, wahudumu wa benki wananong'ona kana kwamba fedha ni zao. Wenzake waliona ni uzee unabisha hodi, na hakuna aliyetaka kumfungulia mlango kwa niaba yake.

Na katika kazi yake alikuwa na imani moja ambayo hakuna aliyeitikisa. Waya ni waya. Ukiwa mzima unapitisha sauti, ukikatika haupitishi, na anayekuambia kuna waya wa kati unaopitisha sauti tamu zaidi, huyo anakuuzia. Alikuwa ameisema mbele ya mafundi wenzake, mbele ya wateja, na mara moja kwenye msiba, ambapo hakuna aliyemuuliza.

Sasa mkewe alikuwa na mdogo wake wa kiume, na huyu shemeji alikuwa na duka la vifaa vya umeme kwenye kona karibu na soko. Si mtu mbaya. Ila alikuwa na mdomo wa kibiashara ambao hakuufunga hata akiwa mezani kwa watu. Mwaka huo alikuwa ameleta boksi zima la nyaya za hedifoni, zimevishwa kitambaa cheusi, zimesukwa kama nywele za bibi harusi, kila mmoja ndani ya kikasha chenye sponji. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Nyaya zile hazikujiuza, kwa hiyo shemeji akazitembeza, na matembezi yakamfikisha kwa dada yake Jumapili mchana, wakati wa chakula.

"Shaba yake safi, shemeji," alisema, ameuweka waya kando ya sahani kama aliyeleta mtoto aonwe. "Unafungua sauti."

"Nani aliifunga?" Sikio akauliza.

Wakaanza. Shemeji alieleza habari za nyuzi na msuko na dhahabu iliyopakwa kwenye pini. Sikio alijibu kwamba sauti haina macho, haijui imepita kwenye dhahabu au kwenye bati. Shemeji akasema kuna watu wanasikia tofauti. Sikio akasema kuna watu wanaona majini. Mambo yakawa ya kupandishiana, mpaka shemeji akasema maneno ambayo baadaye alikiri yalimtoka tu: kwamba labda Sikio anaogopa kusikiliza, kwa sababu sikio lenyewe si lile la zamani.

Mke wa Sikio, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Mapacha kwa sababu ya wanawe wawili waliokwisha kwenda kujitegemea, aliinuka akaondoa sahani ingawa watu walikuwa bado wanakula.

"Lete huo waya," Sikio akasema. "Nikisikia tofauti, nitakuja dukani kwako siku ya wateja wengi, nisimame juu ya stuli, niseme mbele za watu kwamba nilikosea. Nisiposikia, wewe utasema."

Shemeji akakubali, akamalizia chakula chake akitazama sahani. Hapo ndipo Sikio alipoweka rehani kitu pekee alichokuwa nacho cha kuweka, yaani neno lake, na ulimi ulioponza kichwa si wa kwanza wala wa mwisho.

*

Kila fundi wa sauti ana rekodi yake ya kupimia. Ni wimbo mmoja anaoujua kuliko anavyoijua njia ya kwenda kwake, na asubuhi kabla ya kazi huusikiliza ili ajue kama mitambo imeamka vizuri. Wa Sikio ulikuwa wa kwaya ya kiwanda cha nguo, aliourekodi mwenyewe kwenye kantini ya kiwanda kwa maiki mbili alizoazima, mwaka alioajiriwa. Mama Mapacha wakati huo alikuwa mshonaji pale, na alikuwa kwenye kwaya. Alivaa bangili nyembamba za shaba, akaambiwa na fundi kijana azivue kwa sababu zinalia kwenye maiki, akamwambia fundi kijana avue yeye miwani yake. Bangili zikabaki, zikaingia kwenye rekodi, zinasikika ubeti wa pili mtu anapoinua mkono. Ugomvi wao ulianzia hapo ukaishia kwa mapacha.

Bangili hizo Sikio alikuwa hazisikii tena. Hakujua ni tangu lini. Rekodi ilitoka kwenye kanda ikaingia kwenye diski, ikatoka kwenye diski ikaingia kwenye kompyuta, na aliamini kwamba kila ilipohama iliacha kitu njiani, kama familia inavyohama ikasahau sufuria. Hakuwahi kumwambia mkewe kwamba bangili zake zimepotea. Lilikuwa jambo dogo, na lilimuuma kuliko ukubwa wake.

Jumatatu asubuhi alifika studio mapema, akachomoa waya wa zamani. Ule ulikuwa na pini mbili, moja kwa kila upande wa hedifoni, na moja aliwahi kuipaka rangi ya kucha ya mkewe ili ajue ni ya kulia. Waya wa shemeji nao ulikuwa na pini mbili, zote nyeusi, zote za kupendeza, hazina alama hata ya dawa. Alizichomeka, akavaa, akafumba macho, akauweka wimbo huku maneno ya kumwambia shemeji yakiwa tayari mdomoni.

Ubeti wa pili ukafika, na bangili zikalia.

Sikio alifungua macho. Akarudisha nyuma. Zikalia tena, nyembamba, wazi, na nyuma yake akasikia mtu akivuta pumzi, na kiti kikisogezwa, na sauti ya kwanza ya kike ikipanda mahali ambapo kwa miaka alisikia ukungu tu. Akachomoa waya mpya akarudisha wa zamani: ukungu. Akarudisha mpya: bangili. Alifanya hivyo mpaka msomaji wa kwanza wa siku hiyo akafika akamkuta ameketi, waya mmoja mkononi, mwingine umening'inia shingoni, na macho mekundu. Msomaji alidhani kuna msiba. Sikio akamwambia aketi, wataanza sasa hivi.

Mtu mwingine angenyamaza. Shemeji hakuwepo, hakuna aliyeona, na waya ungeweza kurudi kwenye kikasha chake na neno "sikusikia kitu" likamaliza maneno. Wazo hilo lilimpitia, na alilitazama likipita. Lakini huyu alikuwa mtu aliyesimamisha kazi kwa ajili ya nzi. Alichosikia amekisikia.

Jumamosi akaenda dukani. Shemeji mwenyewe ndiye aliyemshikia stuli, ingawa yeye pia hakutegemea.

"Nilisema waya ni waya," Sikio akawaambia watu waliokuwemo. "Nilikosea. Nimesikia tofauti."

Akashuka. Haikuwa hotuba ndefu lakini ilitosha. Dereva wa teksi aliyeingia kununua betri alitoka na waya. Msusi wa jirani akachukua mmoja. Wiki iliyofuata watu walikuja kutoka mitaa ya mbali wakiuliza ule waya wa Sikio, na shemeji akabandika karatasi mlangoni, herufi kubwa: SIKIO AMESIKIA. Mkurugenzi wa studio, mama mmoja makini ambaye hakununua hata kalamu bila kuuliza mara mbili, aliagiza nyaya hizo kwa vyumba vyote. Hakuuliza hata mara moja. Sikio amesema, basi.

Ajabu ni kwamba Sikio mwenyewe alifurahi. Kukosea kumbe kulikuwa kwepesi kuliko alivyodhani. Kila asubuhi alizisikiliza bangili, akaanza kazi akiwa mwepesi, na malalamiko kuhusu maiki yakapungua. Akaona si haki azisikie peke yake.

*

Basi Alhamisi moja jioni akarudi nyumbani na hedifoni kwenye mfuko. Mama Mapacha alikuwa kwenye cherehani, anapunguza kiuno cha sketi ya jirani. Akamwambia asimamishe kidogo, amemletea kitu. Akamvika hedifoni kwa mikono yake mwenyewe, akahakikisha kulia kuko kulia, akauweka wimbo.

Mkewe alisikiliza mpaka mwisho wa ubeti wa pili. Akatabasamu. Halafu akakunja uso.

"Mbona umenihamisha?"

Sikio akauliza amemhamisha wapi. Mkewe akaeleza kwamba kila akiwekewa wimbo huu, tangu mapacha hawajazaliwa, bangili zake humjia kwa huku, akagusa sikio la kulia. Leo zimekuja huku, akagusa la kushoto. Na yule wa sauti nzito aliyekuwa akitoka jasho, ambaye siku zote yuko kushoto, leo yuko kulia.

Sikio akamwambia haiwezekani. Mkewe akasema huenda haiwezekani, lakini yeye ni yeye, na mahali aliposimama anapajua.

Akazichukua hedifoni, akazigeuza, akatazama zile pini nyeusi zisizo na alama. Akachomoa zote mbili akazibadilisha, ya huku ikaenda kule. Akavaa. Ubeti wa pili ukaja ukapita, na ukungu ulikuwa umerudi.

"Zimepotea tena," akasema.

Mkewe akazivaa. "Zipo," akasema. "Sasa ndiyo zimerudi kwangu." Na akagusa tena la kulia.

Sikio alikwenda kwenye mfuko akatoa waya wa zamani, ule wa rangi ya kucha, akauchomeka kinyume kwa makusudi. Bangili zikalia. Waya wa zamani, wa bei ya vitumbua, bangili zikalia vilevile, na pumzi, na kiti. Akauchomeka sawasawa, zikapotea. Hakuhitaji kurudia, lakini alirudia.

Jambo lenyewe lilikuwa rahisi mno kwa fundi wa miaka yake. Mwenye sikio moja hana kushoto wala kulia. Sauti zote humwingilia mlango mmoja, na akishazoea huona ndivyo nyumba ilivyojengwa. Bangili zilikuwa upande wa kulia wa rekodi, zinaingia kwenye sikio la kulia, zinakuta hakuna mtu. Waya wa shemeji, kwa kuwa hauna alama na yeye aliuchomeka kwa haraka ya kumkomoa mtu, ulizipeleka upande wa pili, kwa sikio lililo hai. Shaba haikuhusika. Dhahabu haikuhusika. Waya ni waya, kama alivyosema tangu mwanzo, na laiti angekuwa amekosea.

Akaziba sikio la kushoto kwa kiganja, akalibana hasa, akamtazama mkewe. "Sema kitu."

Midomo ya mkewe ikaenda. Akaona meno, akaona koo likisogea. Hakuna kilichokuja ila mvumo, kama maji kwenye bomba la jirani. Akaondoa kiganja.

"Umesema nini?"

"Nimesema nilijua."

Alikuwa ameketi na sketi ya watu mapajani, sindano bado imo. Akasema alijua tangu mwaka juzi. Ndiyo sababu alihamia upande wa pili wa kitanda akisingizia upepo wa dirisha. Ndiyo sababu wakitembea humzunguka nyuma akatokea kushoto. Sikio alikuwa ameyaona hayo yote na hakuyatilia maanani; alidhani mkewe anazeeka.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilikuambia. Nilikuambia mara nyingi tu, Baba Mapacha. Hukusikia."

Hakusema kwa mzaha. Sikio alitaka kucheka, kicheko kikafika nusu ya njia kikageuka kitu kingine, na alikaa kando ya cherehani akalia kama mtu mzima anavyolia, bila sauti na kwa kujifuta mara kwa mara. Alilia kwa sababu ya kazi, na kwa sababu ya jina, na kwa sababu mwanamke huyu alikuwa akimzunguka nyuma muda wote huo kama anayezunguka dimbwi. Mkewe alimwacha alie. Baadaye akamletea maji.

Kisha akamuuliza swali lililobaki, kwamba sasa atamwambiaje mdogo wake.

Sikio alikuwa keshalifikiria. Akinyamaza, watu wataendelea kununua kwa neno lake, na neno lake ni la uongo. Akisema waya haufanyi kitu, watamuuliza mbona ulisikia, na jibu la swali hilo ni moja tu. Hakuna namna ya kurudisha neno bila kutoa sikio. Na mtu aitwaye Sikio akishatangaza kwamba hana, ataitwa nani, na atakula nini.

"Yule ni mdogo wangu na wewe ni mume wangu," Mama Mapacha akasema. "Mimi nina sketi ya watu hapa." Akarudi kwenye cherehani. Lakini asubuhi Sikio alikuta shati lake la Jumamosi limepigwa pasi, na ilikuwa Ijumaa.

*

Ijumaa hiyo alianza na mkurugenzi, kwa sababu aliona ni heri apigwe kwanza na mwenye fimbo ndefu. Akamweleza yote, wima, kama anayesoma tangazo. Mkurugenzi akasikiliza huku akizungusha kalamu. Mficha maradhi kifo humuumbua, akasema, afadhali umekuja mwenyewe. Kisha akasema kwamba rekodi nyingi ni za mtu mmoja kusoma, na mtu mmoja anatosha kusikilizwa kwa sikio moja. Kazi ataendelea nayo. Ila kuanzia sasa, kabla rekodi haijatoka, ataisikiliza Sikio na ataisikiliza mwingine. Alilisema kwa heshima, na Sikio alimshukuru, akatoka akaenda chooni kunawa uso. Kwa miaka yote hiyo hakuwahi kuhitaji mwingine.

Jumamosi alifika dukani akiwa amepanga kumvuta shemeji pembeni, amwambie kwanza wao wawili. Hakupata nafasi. Duka lilikuwa limejaa, boksi jipya la nyaya liko wazi juu ya kaunta, na shemeji alipomwona tu alipiga makofi, akawatangazia wateja kwamba huyu ndiye, mwenyewe, kwa miguu yake, akatoa stuli. Watu wakasogea kumpisha. Dereva wa teksi alikuwepo, na waya wake shingoni.

Sikio akaitazama stuli. Hakuipanda.

"Nilisimama hapa nikawaambia waya huu nimesikia tofauti," akasema. "Ni kweli nilisikia. Lakini haikuwa waya. Niliuchomeka kinyume. Sikio langu la kulia limekufa, na mimi sikujua. Waya ulinipelekea upande wa kulia kwenye sikio zima, ndiyo nikasikia vitu. Hata waya wa kawaida ungefanya hivyo. Msinunue kwa neno langu."

Watu hawakujua watazame wapi. Shemeji alikuwa bado na mkono kwenye stuli, na uso umemwiva.

Wa kwanza kusema alikuwa msusi, akasema pole. Wengine wakafuata: pole, pole sana, pole baba. Pole zile zilimchoma Sikio kuliko ambavyo kucheka kungemchoma. Kisha dereva wa teksi akakohoa. Alikuwa mtu mpole, na alikuwa amefikiri.

"Mzee, mimi waya huu nimesikia tofauti," akasema. "Tena kubwa."

Sikio akamwambia ni kudhani. Dereva akauliza, hivi umesema sikio moja halipo. Sikio akakubali kwamba halipo.

"Na mimi yangu yote mawili yapo," dereva akasema, taratibu, kama anayemsaidia mtu kuvuka barabara. "Sasa kati yetu, nani atajua?"

Watu wakaguna kwa kukubali. Sikio alifungua kinywa. Alianza kueleza habari za kushoto na kulia, za rekodi na pini, na akaona macho ya watu yakilainika kama ya wanaosikiliza mgonjwa akieleza ndoto. Alipokuwa amekosea walimwamini mpaka wakatoa fedha. Leo alikuwa amesema kweli, kweli iliyomgharimu kuliko zote maishani, na hakuna hata mmoja aliyeichukua. Alisimama pale na shati lake la pasi, akajiona mpumbavu, na iliuma.

Msusi ndiye aliyerudisha biashara. Akafungua pochi, akamwambia shemeji ampe mmoja tena, wa mumewe.

Shemeji aliuacha mkono wa msusi hewani. Alimtazama Sikio. Walikuwa wamegombana kwenye kila meza waliyowahi kukaa pamoja, na sasa mmoja alikuwa ametoka kumwaibisha mwenzake dukani kwake, mbele ya wateja wake, siku ya mauzo. Watu wangemwelewa. Msusi ameshika noti, na nyaya ziko pale.

"Zimekwisha," shemeji akasema.

Msusi akalitazama boksi lililo wazi chini ya kiwiko cha shemeji. "Si hizo hapo?"

"Hizo siuzi."

"Kwa nini?"

"Hukusikia alichosema shemeji yangu?"

Msusi akafunga pochi. Dereva wa teksi alitaka kuendeleza hoja yake, akaona hakuna wa kuendelea naye, akanunua betri akatoka. Wengine wakakumbuka shughuli zao mmoja mmoja. Lilipobaki duka tupu, shemeji akaanza kulifunga boksi kwa utepe wa gundi, anauvuta kwa nguvu mpaka unalia, wala hamwangalii mtu.

"Ungeniambia nyumbani kwanza," akasema.

"Nilitaka."

"Hukutaka. Umenitia aibu."

"Ndiyo," Sikio akasema.

Vifuniko vya boksi vilikuwa vinainuka, gundi haishiki. Sikio akaweka mikono yake miwili juu yake akavikandamiza, na shemeji akapitisha utepe katikati ya vidole vyake. Hasira hazikumwisha siku hiyo, wala mwezi uliofuata, na Jumapili kadhaa zilipita bila kuja kula. Lakini boksi lile hakulifungua tena.